Je, Mtawa Anayekaa Kimya Anafanya Kazi Gani?



Liko swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini katika parishi zetu, na mara nyingine kwa sauti ya juu, pale binti wa nyumba fulani anapowaambia wazazi wake kwamba anataka kwenda utawani. Swali lenyewe ni hili: Mtu anayekaa mbele ya Mungu saa nzima bila kusema neno, halimi, hapiki, wala hamuuguzi mgonjwa, anafanya kazi gani? Wazazi huliuliza kwa uchungu zaidi. "Tumemsomesha kwa shida, leo aende akakae kimya? Nani atatutunza uzeeni? Nani atatuletea wajukuu?"

Kwa maoni yangu swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kukemea. Nimefundisha watoto miaka mingi, nami najua kwamba mwanafunzi anayeuliza "faida yake nini?" mara nyingi ndiye aliyesikiliza somo kuliko wenzake. Basi na tulitazame swali hili pamoja, polepole.

Sala ya kimya ni nini?

Sisi Waanglikana wa pwani hii twazijua vizuri sala za maneno. Tunazo Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni, tunayo Misa, tunazo litania. Hizo ni njema, na watawa wenyewe huzisali kila siku kuliko sisi. Lakini iko sala nyingine, ambayo walimu wa kiroho huiita taamuli. Mtu anajua kwamba Mungu yupo, naye anakaa mbele zake kwa upendo. Haombi gari wala mvua. Hatungi maneno mazuri. Moyo ukitangatanga, anaurudisha taratibu, kama mchungaji arudishavyo mbuzi aliyeingia shamba la watu, bila kumpiga.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa jambo ambalo hunisaidia kuielewa sala hii. Mwalimu akiuliza swali darasani, kisha akalijibu mwenyewe papo hapo, hajafundisha. Hana budi kunyamaza na kungoja. Kimya kile humtisha mwalimu mgeni, akaona kama somo limekufa, kumbe ndipo mtoto anapofikiri. Basi fikirini sala zetu nyingi. Twamwuliza Mungu, twamweleza, kisha twasema "Amina" na kuondoka kabla hajapata nafasi. Bwana wetu alituonya katika Mathayo 6 tusidhani kwamba twasikiwa kwa sababu ya wingi wa maneno.

Wala kimya hiki si kitu kigeni kwa watu wa pwani. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa mpakani, wanajua itikafu. Katika kumi la mwisho la Ramadhani wako wanaoacha biashara na kukaa msikitini kwa ibada. Imani zetu si moja, lakini hakuna Mdigo anayemwona jirani yake yuko itikafu akasema, "Yule ni mvivu." Je, twashindwa kumpa dada yetu Mkristo heshima hiyo hiyo?

Mizizi yake iko Afrika

Wengine hudhani utawa ni desturi ya Kizungu iliyokuja na meli. Sivyo. Antoni, ambaye Kanisa lote humwita baba wa watawa, alikuwa mkulima wa Misri, akafa mwaka 356. Pakomio, Mmisri mwenzake, ndiye aliyewakusanya watawa waishi pamoja kwa kanuni moja, wasali pamoja na kufanya kazi za mikono pamoja. Akina mama nao walikuwako katika majangwa yale tangu mapema. Kutoka huko Afrika desturi hii ikaenda Ulaya, na baada ya karne nyingi ikarudi kwetu ikiwa imevaa nguo nyingine.

Hapa kwetu ilirudi kwa njia ya Askofu Frank Weston wa Zanzibar. Mwaka 1911 alianzisha chama cha masista cha Mateso Matakatifu, ambacho kwa herufi za Kiingereza hujulikana kama C.S.P. Magila, ile Msalabani yetu karibu na Muheza, ikawa nyumba yao kubwa. Masista hao walifundisha wasichana, walizalisha akina mama, na waliuguza wagonjwa. Askofu Weston alikufa Hegongo tarehe 2 Novemba 1924, akazikwa Magila. Masista wale ndio walioukilea chama cha wanawake wa nchi hii, Chama cha Mariamu Mtakatifu, yaani C.M.M., kilichoanza Masasi mwaka 1946. Chama hiki kimekuwa na nyumba pia katika mkoa wetu wa Tanga, huko Korogwe.

Hoja ya wanaopinga

Sasa na tuiseme hoja yenyewe kwa nguvu zake zote, maana hoja isiyosemwa vizuri haijibiki vizuri. Mama wa Horohoro huamka kabla ya jua. Ana maji ya kuteka, kuni za kutafuta, mtoto wa kupeleka zahanati, na muhogo wa kupalilia. Mwanawe yuko pale forodhani, anabeba mizigo kati ya malori. Mama huyu hana saa moja ya kukaa kimya. Kwa hiyo anayekaa kimya, je, hakai juu ya mgongo wa wengine? Je, kimya si anasa ya mtu mwenye wa kumtekea maji?

Jibu la kwanza ni jepesi. Masista wa C.M.M. huteka maji yao wenyewe. Hulima, hufuga ng'ombe, hushona mavazi ya kanisa, hutengeneza mikate ya Ekaristi na mishumaa. Sista anayesali alfajiri ndiye huyo huyo mwenye jembe saa tatu.

Lakini jibu hili, ingawa ni kweli, halitoshi. Nalitaja ili nilipite. Tukisema "watawa ni wa maana kwa sababu wanalima na kuuguza", tumekubali kwamba sala yenyewe si kitu, ila jembe na sindano ndivyo vinavyoilipia. Na historia ya nchi yetu imeipima hoja hiyo waziwazi. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni ili watoto wote wasome bila ubaguzi wa dini. Hospitali nazo zikaingia katika mipango ya nchi. Walikuja waganga na wauguzi Watanzania waliosomea kazi hiyo, wasiovaa shela ya kitawa. Masista wa C.S.P. nao walizeeka na kupungua, na makao yao makuu yakawa Uingereza. Kazi ambazo watu walizitumia kuueleza utawa zikapita mikononi mwa wengine, tena ni vema zilipita.

Je, utawa ukaisha maana? La hasha. C.M.M. waliendelea kupokea wasichana, kuwafunza, na kuwaweka nadhiri. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kazi zilikuwa matawi. Mti ulikuwa mahali pengine.

Nini kinakua ndani ya ukimya?

Mti ni nini basi? Hapa na tuwasikilize walimu wawili wa Hispania, ambao Kanisa zima huwaheshimu.

Wa kwanza ni Teresa wa Avila, aliyezaliwa mwaka 1515 na kufa mwaka 1582. Huyu hakuwa mtu wa kusali kwa urahisi. Ameandika mwenyewe kwamba kwa miaka kadhaa mara nyingi alikuwa akitega sikio asikie saa ikigonga, akitamani muda wa sala uishe. Yafaa tulikumbuke hilo sisi tunaosinzia kanisani! Teresa alifananisha roho na bustani, na sala na kumwagilia maji, akataja njia nne. Ya kwanza ni kuteka kisimani kwa ndoo. Kazi ni nyingi, maji ni kidogo. Ya pili ni kutumia gurudumu la kuvutia maji. Mkono hupumzika kidogo. Ya tatu ni mfereji kutoka mtoni; mkulima huelekeza tu. Ya nne ni mvua. Mkulima hafanyi kitu, Mungu mwenyewe ananyesha.

Mama yeyote aliyewahi kubeba ndoo kichwani ataielewa hesabu hii bila mwalimu. Lakini angalieni jambo moja. Anayeteka kwa ndoo hapaswi kujidharau, wala aliyepata mvua hapaswi kujisifu. Bustani ni ya mwenyewe, na maji ni ya Mungu yote, ya kisimani na ya mawinguni. Kukua kiroho si kupanda cheo. Ni kupunguza kidogo kidogo ile dhana kwamba mimi ndiye ninayeotesha mboga.

Wa pili ni Yohana wa Msalaba, rafiki na msaidizi wa Teresa, aliyekufa mwaka 1591. Yeye aliandika juu ya usiku wa roho. Mwanzoni, asema, Mungu humpa mtu utamu mwingi katika sala, kama mama ampavyo mtoto ziwa. Kisha siku moja utamu huisha. Mtu husali naye haoni kitu, hasikii kitu, kinywa kikavu, moyo mkavu. Hudhani amemkosea Mungu au Mungu amemwacha. Yohana anasema huenda hayo ni kama mama anayepaka shubiri kwenye ziwa, akamshusha mtoto mikononi ili ajifunze kutembea kwa miguu yake.

Nilipolisoma jambo hilo nilistaajabu. Mtawa wa Hispania wa miaka zaidi ya mia nne iliyopita anazungumza juu ya shubiri, ile ile ambayo bibi zetu wa pwani hupaka mtoto anapoachishwa ziwa! Na kila mzazi anajua kwamba mama anayepaka shubiri hajaacha kumpenda mwanawe. Usiku ule mtoto hulia, na mama hulala macho. Ukichungulia dirishani utadhani mama huyu ni mkatili, kumbe anamtayarishia ugali. Mwenye Zaburi ya 131 naye aliifananisha roho yake iliyotulia na mtoto aliyekwisha kuachishwa, aliye kwa mama yake. Mtoto wa namna hiyo hamng'ang'anii mama kwa ajili ya maziwa. Anakaa naye kwa sababu ni mama.

Hapo, ndugu zangu, ndipo ulipo mti. Mtawa hujifunza kumpenda Mungu pasipo kulipwa, hata kwa malipo ya raha ya moyoni. Utawa umejengwa hivyo kwa makusudi. Msichana hapewi nadhiri siku anayofika. Kwanza huja kuangalia na kuangaliwa, kisha huwa mnovisi, kisha hupewa nadhiri za muda, na baada ya miaka ndipo huweka nadhiri za maisha, yaani umaskini, useja na utii. Miaka hiyo imewekwa ili utamu wa mwanzo uishe mapema, na ionekane ni nini kilichobaki ulipokwisha.

Kipimo ni kipi?

Hata hivyo ziko hatari, wala tusizifiche. Mtu aweza kukaa kimya huku moyoni anajitazama tu, akisema, "Leo nimesali vizuri; mimi si kama wale." Aweza kuupenda ukimya kwa sababu hawapendi watu. Basi twajuaje kwamba sala inakua?

Hapa turudi kwa Marta na Mariamu, Luka 10. Mara nyingi twahubiriwa kwamba Marta alikosea kwa kupika. Someni tena. Bwana hakukikataa chakula chake. Alimwambia kwamba anasumbukia mambo mengi. Na usumbufu huo ulionekana wapi? Ulionekana pale Marta alipoacha kumtazama mgeni wake na kuanza kumtazama ndugu yake, na kuhesabu nani amefanya zaidi. Na katika Yohana 11, Lazaro alipokufa, Marta huyo huyo ndiye aliyetoka kumlaki Bwana njiani, akaikiri imani yake kwa nguvu. Basi jikoni pia mtu hukua. Teresa naye aliwaambia masista wake wasisikitike wanapoitwa kazini, kwa maana hata jikoni, kati ya vyungu, Bwana yupo.

Kipimo hicho hicho alikitumia Askofu Weston. Mwaka 1923, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alisimama London mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana waliopenda Misa, ubani na Sakramenti ya altareni. Wangefurahi kusifiwa. Yeye aliwaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu altareni huku hawamhurumii Yesu aliye katika mwili wa maskini wa mitaa michafu. Watoke wakamtafute huko. Mtu huyu ndiye aliyewaanzisha masista wa sala. Hakuona kupingana kokote. Anayemtazama Yesu kwa kweli katika ukimya atamtambua akikutana naye barabarani. Asipomtambua barabarani, na tuulize alikuwa akimtazama nani kule ndani.

Kwa hiyo kipimo cha sala hakiko katika sala. Kiko katika yule mtu anayefuata baada ya sala: mgonjwa msumbufu, mtoto mchafu, sista mwenzio anayekukera kila siku mezani. Je, unamwona kuliko jana? Je, unamsikiliza amalize? Mwaka hadi mwaka, bila kelele, mambo hayo hukua kama ile mbegu ya Marko 4, ambayo mkulima hulala na kuamka nayo ikamea, asijue imekuaje.

Nasi wa Horohoro tufanye nini?

Kwanza, wazazi. Binti akisema anataka utawa, msimkatalie kwa hasira wala msimkubalie kwa fahari. Mwulizeni kwa upole: Je, unakimbia kitu? Unakimbia ndoa usiyoitaka, mtihani ulioshindwa, au ukosefu wa kazi? Akiwa anakimbia, utawa hautamficha. Kimya kitamfikia huko huko. Akiwa anakwenda kwa sababu ameitwa, miaka ya unovisi itaonyesha. Mwacheni ajaribiwe.

Pili, parishi. Hili ndilo nililotaka hasa kulisema. Wazazi wanaotoa binti wanatoa kitu cha kweli. Hawatapata mahari, hawatapata wajukuu kwake, wala hawatatumiwa fedha kila mwisho wa mwezi. Sisi wengine twasema "Mungu atawalipa", kisha twaenda nyumbani. Sidhani kwamba hiyo ni haki. Kama twaamini kwamba binti yule anatuombea sote, basi ametumwa na sisi sote, na wazazi wake ni wazazi wetu. Paa lao likivuja, ni la parishi. Wakiugua, anayekaa kando ya kitanda awe mmoja wetu. Tukishindwa hilo, tusimwulize mtawa faida ya sala yake. Swali litakuwa limerudi kwetu.

Tatu, kila mmoja. Hapa mpakani hapana kimya. Malori yananguruma, wabadilisha fedha wanaita, pikipiki zinavuka kwenda Lunga Lunga na kurudi. Hata hivyo dakika kumi zipo. Mama aweza kuzipata kabla watoto hawajaamka, kijana akingoja abiria, mzee chini ya mwembe. Usiombe kitu. Keti tu, ujue kwamba Mungu yupo naye akujua. Moyo ukitangatanga, urudishe. Kesho fanya tena. Ukiona ukavu usishtuke, na ukiona utamu usijisifu. Kisha inuka ukamtazame mtu wa kwanza utakayekutana naye.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Watawa wetu wa Masasi na Korogwe wanakesha katika kimya hicho kwa ajili yetu, na wengi wetu hatuwajui hata majina. Jumapili hii, padre atakapotupa nafasi ya kuombea wengine, tuwataje wao, na wazazi wao.

Tuombeane.

Mwalimu mstaafu, Horohoro